Mwongozaji Kagabo na Ng'ombe Wake

Kagabo alikuwa mwongozaji mashuhuri wa filamu za kauboi, na umashuhuri huo ulitambuliwa na mtu mmoja tu, yaani Kagabo mwenyewe. Katikati ya wiki alipakia maboksi kwenye ghala moja la Louisville. Jumamosi alivaa kofia pana, akapanda juu ya kiti cha plastiki na kuwafokea waumini wenzake, "Eksheni!", kama wale mabwana wakubwa wa Hollywood ya zamani, waliokuwa na jangwa zima, makundi ya farasi na mpishi wao. Yeye alikuwa na uwanja nyuma ya kanisa, huko Shively, kando ya jiji hilo.

Filamu yake ya kwanza ilikosa farasi, hivyo majambazi walitoroka kwa Toyota. Ya pili aliionyesha mjini Columbus, sebuleni kwa binamu yake, na watu walicheka mpaka wakashika mbavu. Ilikuwa filamu ya msiba. Kagabo aliwaambia kwamba hata mabwana wakubwa walichekwa mwanzoni, jambo ambalo hakuwa na ushahidi nalo hata kidogo.

Ya tatu ndiyo iliyokuwa na kila kitu: farasi wa kukodi, bunduki za mbao, na ng'ombe wa mkulima mmoja aliyemruhusu kupiga picha malishoni. Shujaa alikuwa Kagabo mwenyewe, kwa sababu hakuna mwingine aliyekubali kuanguka kutoka juu ya farasi. Aliipeleka mjini Buffalo kwa mama yake, Delfina, ambaye kwenye simu hakuchoka kumuuliza ataacha lini michezo ya watoto. Safari hii Kagabo alikuwa amejifunga kwa maneno yake mwenyewe: "Mama, ukiiona na ukisema ni upuuzi, kamera nauza." Siku aliyoyasema alijiona jasiri. Sasa, ukumbini mwa kanisa la mama yake, alikuwa akikagua nyaya za projekta kwa mara ya tatu.

Mwanzo wote wa filamu ulijaa uso wake, na watu wakapiga miayo. Kisha ng'ombe wakatokea, wakiteremka kilima mbele ya farasi wake. Miayo ikakatika. Mzee Rutayisire, mfugaji wa zamani, akasimama.

"Bon, simamisha hapo! Ile ya nyuma iko na mimba. Munaikimbiza juu ya nini?"

"Mzee, ngoja kidogo," Kagabo akamsihi. "Vita inakuja."

"Vita tulishaona. Rudisha ngombe!"

Ukumbi mzima ukapaza sauti: arudishe ngombe. Akarudisha. Wakataka tena, akarudisha tena. Mapigano yaliyomvunja goti hayakuonekana kamwe. Shujaa alibaki pembeni mwa picha, kofia na nusu ya sikio, akimziba fahali.

Tangu mifugo yao iporwe vitani kule milimani kwao, kabla hawajawa wakimbizi, Delfina hakuwahi kuizungumzia, na Kagabo hakuthubutu kuuliza. Sasa mama alimnyooshea kidole ng'ombe mmoja mwekundu.

"Angalia vile anatembea. Ni Bihogo wetu kabisa."

Akamtaja na Gaju, ng'ombe wao mwingine, na ndama wa Gaju, na mwingine ambaye Kagabo alikuwa amemsahau. Alilia waziwazi, na wazee kando yake wakaanza kutaja wa kwao. Mwongozaji mashuhuri naye alilia, kamasi zikimtoka, kofia ikiwa bado kichwani.

Taa zilipowashwa alimwendea mama yake.

"Mama... sasa kamera?"

Delfina alijifuta macho kwa ncha ya kitenge.

"Kamera usiuze, baba," alisema. "Ila wewe, usisimame tena mbele ya ngombe."