Mkono wa Koleo

"Bado! Karatasi inapita hiyo. Bado kabisa!"

Fuko alikuwa amechuchumaa mbele ya seremala wa jirani, kipande cha karatasi mkononi, akicheka kabla hata ya kuona matokeo. Seremala alikuwa ameuma meno mpaka mishipa ya shingo imemtoka. Kiganjani mwake kulikuwa na kibanio: vipini viwili vya chuma, urefu wa kalamu, vimeunganishwa kwa juu na springi nene. Kazi ya kibanio ni moja tu. Unakiminya kwa mkono mmoja mpaka ncha za vipini zigusane. Fuko akaipitisha karatasi katikati ya zile ncha, ikapita bila kugusa kitu.

"Chukua chuma chako," seremala akasema, akipunga mkono hewani. "Hiki kina shetani."

"Hakina shetani. Huyu anaitwa Mamba. Kuufunga mdomo wake ni zaidi ya kilo mia na ishirini, na mtu wa kuufunga ni mmoja tu. Yule pale, shemeji yangu. Mnamwita nani? Koleo! Mnadhani jina hilo aliliokota?"

Watu waliokuwa uani wakageuka. Koleo alikuwa amepiga magoti kando ya kisima, anakunja kamba ambayo ilikuwa imeshakunjwa vizuri.

Ndivyo walivyoanza kila kazi, mashemeji hawa wawili. Walikuwa wachimbaji na wasafishaji wa visima. Fuko, mfupi, mkavu, asiye na mabega ya kusumbua, ndiye aliyeshuka. Koleo, kaka wa mke wake Fuko, alibaki juu kushika kamba. Zamani walikuwa na winchi, lakini siku moja jino lake lilikatika na ndoo ya mawe ikarudi chini kwa kishindo, ikamkosa Fuko kidogo tu. Tangu hapo Fuko hakutaka hata kuitazama. "Winchi ikitaka kukatika haikuambii," aliwaeleza wateja. "Mkono wa shemeji ukichoka, utaniambia." Kisha Mamba anatolewa mfukoni, wanaume wa hapo wanajaribu, wanashindwa, wanatukanana kwa utani, na mwisho Koleo anaufunga mdomo wa Mamba mbele yao wote. Baada ya hapo hakuna mteja aliyewahi kuuliza kama kamba ni salama.

Sasa tusifichane. Koleo alikuwa anaogopa. Alikuwa anaogopa tangu alfajiri, na jana yake, na wiki ya kabla ya hapo.

Mvua zilipoisha, kidole chake cha mwisho cha mkono wa kulia kilianza kufa ganzi, kikafuatwa na jirani yake. Akajikaza kisabuni, akasugua mafuta, akalalia mkono wa kushoto. Mwishowe akaenda zahanati. Daktari akamgongagonga kiwiko, akamwambia mshipa wa fahamu umebanwa, apumzike miezi mitatu, na huenda akahitaji kupasuliwa.

"Unafanya kazi gani?"

"Nashika kamba."

"Kamba ya nini?"

"Ya mtu."

Daktari aliacha kuandika, akamtazama. Koleo akashukuru, akaondoka, na cheti akakichana njiani.

Mamba alikuwa ameacha kufungika. Basi Koleo akaenda duka la vifaa vya michezo akanunua kibanio kingine, rangi ileile, umbo lilelile, ila chenyewe ni cha kilo sitini na tatu. Akaisugua namba yake kwa tupa mpaka ikafutika, akakipaka oili chafu ili kionekane cha siku nyingi. Fuko alipouliza namba imekwenda wapi, Koleo akasema imeliwa na jasho. Fuko akaipenda sana hiyo. Kwa wiki nzima akawa anawasimulia watu kwamba shemeji yake anatoa jasho la kula chuma.

Kila mara Koleo alijiambia: kazi hii tu, halafu nitamwambia. Alikuwa ameshajiambia hivyo kwenye visima vinne. Kwenye kile cha shule kamba ilimponyoka kiasi cha dhiraa moja kabla hajaidaka kwa mkono wa kushoto. Alisema ilikuwa na tope.

"Haya, shemeji," Fuko akaita. "Njoo uwaondolee ubishi."

Koleo akasimama. Akajipaka chaki kiganjani, akakipachika kibanio kwa msaada wa mkono wa kushoto, akaacha kile kidole cha mwisho kikae tu juu ya kipini kama mtu aliyekuja kusindikiza. Akaminya. Vipini vikasogeleana, vikagoma. Kijasho chembamba kikamtoka juu ya mdomo. Akaongeza, na hatimaye ncha zikagusana kwa kamlio kadogo. Fuko akavuta karatasi. Ikang'ang'ania.

"Mmeona? Mmeona lakini?"

Makofi yakapigwa. Kwa mara ya kwanza tangu aamke, Koleo akavuta pumzi iliyofika tumboni. Leo imepita, akawaza. Leo nayo imepita.

"Hebu nami nijaribu," mwenye kisima akasema.

Mwenye kisima alikuwa mama wa miaka sitini na kidogo, aliyekuwa akifua mablanketi ya nyumba za wageni na ya hospitali. Mtaani walimwita Mama Mablanketi, na uani kwake kamba za kuanikia zilikuwa zimejaa kutoka ukuta huu hadi ule. Maji ya kisima chake yalikuwa yamekwenda chini, ndoo siku hizi ilipanda na tope, ndiyo sababu akawaita.

"Mama, utaumia bure," seremala akasema. "Mimi mwenyewe umeniona."

"Wewe nimekuona. Ndiyo maana naomba."

Watu wakaangua kicheko. Fuko akampa kibanio kwa heshima zote, akainama kama anayemkabidhi bibi harusi pete. Mama Mablanketi akafuta mikono kwenye khanga, akakigeuza kile chuma mara moja, akakishika. Hakuuma meno. Alibana midomo tu, vile anavyobana akikamua blanketi zito, na vipini vikaanza kuja. Vikaja, vikaja. Kikasikika kale kamlio.

Fuko akavuta karatasi. Haikutoka.

Uwanja mzima ukalipuka. Seremala akajishika kichwa. Fuko akaruka juu kama aliyekanyaga kaa la moto.

"Lo! Mama! Kilo mia na ishirini! Na ulikuwa umenyamaza tu hapa unatuangalia? Shemeji, umepata mwenzio! Mama, acha kufua, njoo nikuajiri, nikiwa na ninyi wawili nashuka mpaka upande wa pili wa dunia!"

Hakushuku hata chembe. Koleo alimtazama akirukaruka, na jambo hilo likamuumiza kuliko kama angekamatwa. Mtu mwingine yeyote angejumlisha mawili matatu. Fuko alikuwa anajumlisha sifa tu.

Watu wakatawanyika. Seremala akarudi kwenye mbao zake. Fuko akavua shati, akalitundika kwenye kamba ya nguo pamoja na simu yake mfukoni, akaanza kujifunga tochi kichwani. Mama Mablanketi akamsogelea Koleo, akamrudishia kibanio, na akaongea kwa sauti ya chini.

"Mwanangu, mablanketi nayakamua kwa mikono mwaka wa thelathini huu. Mkono wangu naujua unapoishia."

Koleo akakitia kibanio mfukoni.

"Kilo mia na ishirini sina. Hata nilipokuwa msichana sikuwa nazo."

"Mama..."

"Sijamwambia mtu. Sina haja ya kumuumbua mtu. Lakini kisima ni changu, na yule anashuka kwangu." Akaokota beseni lake, akarudi kwenye mablanketi. Hakwenda mbali. Akalishika moja, akawa anakamua palepale huku anatazama.

Fuko alikuwa ameshakaa ukingoni mwa kisima, kibao cha kushukia kikiwa chini ya mapaja. Kamba ilitoka kwenye kile kibao, ikapanda juu ya gogo lililolazwa kwenye mdomo wa kisima, ikashuka hadi kwa Koleo. Mita kumi na sita hadi kwenye tope. Miguu ya Fuko ilikuwa inaning'inia ndani tayari. Kilichomzuia asining'inie mwili mzima ni makalio yake kwenye ukingo na viganja vyake viwili.

"Haya, shemeji. Nipe chini taratibu."

Koleo akaizungusha kamba kiunoni, akaweka mguu kwenye jiwe, akashika. Mkono wa kushoto ulikuwa na uhakika. Ule wa kulia ilibidi autazame. Vidole viwili vya mwisho vilikuwa vimeishika kamba, aliviona kwa macho, lakini kama angefumba macho asingejua viko wapi. Sema, akajiambia. Sema sasa. Na ndani yake kitu kingine kikajibu kwamba visima vinne vimepita salama, cha tano nacho kitapita.

"Umelala? Mimi naachia ukingo."

"Ngoja."

"Nini tena?"

"Toka hapo."

Fuko akachungulia katikati ya miguu yake. "Umeona nyoka?"

"Toka, Fuko. Nakuomba."

Miaka tisa Koleo alikuwa hajawahi kumwita Fuko kwa jina. Ilikuwa shemeji asubuhi, shemeji jioni. Fuko akarudisha miguu nje, mmoja baada ya mwingine, akasimama huku tochi inawaka bure juani. Bado alikuwa anatabasamu. Alikuwa anasubiri utani uishe.

"Yule si Mamba," Koleo akasema.

"Nani si Mamba?"

"Hiki chuma. Mamba nimemwacha nyumbani. Sijaufunga mdomo wake tangu mvua ziishe. Hiki ni cha kilo sitini na tatu, namba niliisugua mwenyewe kwa tupa."

"Unasemaje?"

"Vidole hivi viwili havina habari. Nimekwenda hospitali. Niliambiwa niache."

Tabasamu lilichukua muda kuondoka usoni mwa Fuko, kama halikuambiwa mapema. Akamkamata mkono, akakitafuta kidole cha mwisho, akakifinya kwa ukucha.

"Unasikia?"

"Sisikii."

Akafinya zaidi, mpaka ukucha ukaacha alama nyeupe.

"Na sasa?"

"Sisikii, shemeji."

Fuko akauachia ule mkono. Akavua tochi kichwani, akaizima, akaiwasha, akaizima.

"Kile cha kiwanda cha matofali, nilishuka."

"Ulishuka."

"Na cha shule. Kamba ilishtuka. Ukasema ina tope."

"Ilikuwa kavu."

"Mita ishirini na moja," Fuko akasema, akakaa chini kwenye udongo. "Nilikuwa huko chini naimba. We mtu, mimi nilikuwa naimba!"

"Niliogopa."

"Uliogopa nini? Nani angekula nyama yako?"

"Nikisema, mimi nabaki nani? Koleo gani asiyebana?"

"Na mimi ningebaki nani, kule chini?"

Koleo alitaka kusema kwamba kila usiku alimwona akianguka. Kwamba alikuwa anazungusha kamba kiunoni mpaka ngozi inatoka, ili mkono wa kushoto ubebe kazi ya mikono yote miwili. Yote yalikuwa kweli na hakuna lililofaa. Akasema tu, "Nisamehe," na neno likatoka dogo sana.

"Usiniambie nikusamehe saa hizi," Fuko akasema. "Saa hizi bado nipo chini ya kile cha shule."

Mama Mablanketi alikuwa ameacha kukamua. Maji ya blanketi yalikuwa yanamdondokea miguuni, naye hakuyajali.

Simu ikaita kwenye kamba ya nguo. Ikaita ndani ya mfuko wa shati, ikanyamaza, ikaanza upya. Fuko akanyanyuka taratibu, akaitoa, akaangalia jina.

"Ni dada yako," akasema. "Hupiga saa hizi, kabla sijashuka. Wewe huwa uko kwenye kamba, hujui. Huniuliza, leo nani kashika kamba? Namwambia, kaka yako. Basi anakata, anaendelea na kazi zake. Hana swali lingine."

Akapokea. "Haloo, mama watoto. Hapana, bado sijashuka... Tupo, tupo wote... Hapana, si mgonjwa." Akasikiliza. Macho yake yalikuwa kwa Koleo muda wote huo, wala hayakuwa na hasira tena. Yalikuwa macho ya mtu aliyechoka. "Subiri. Yupo hapa."

Akamnyooshea simu.

"Ananiuliza lile swali. Leo mjibu wewe."

Koleo akatanguliza mkono wa kulia, akausimamisha hewani, akaurudisha. Akaipokea simu kwa kushoto, akaiweka sikioni. Upande wa pili maji yalikuwa yanachemka, redio inasoma habari, mtoto analilia kitu.

"Haloo? Kaka?"

Akavuta pumzi.

"Mbona nasikia unapumua tu?" dada yake akasema, na redio ikazimwa.