Siku ya Nane ya Gari la Kukodi

Angetile hakukataa kulipa taa. Hilo lieleweke tangu mwanzo, maana Lameck alizunguka Kyela nzima akisema mjane wa kijiji cha Katumba Songwe kamvunjia gari na sasa anajifanya hamjui. Taa aliikubali siku ile ile. Alikuwa akimrudisha ng'ombe wake nyumbani, kamba kailegeza kwa uzembe wake mwenyewe, pikapu ya Lameck ikapiga honi nyuma yao, ng'ombe akaruka, na nyonga yake ikapasua taa ya mbele na kukunja bampa kidogo. Ng'ombe hakupata hata mkwaruzo. Angetile akasema, "Nisamehe, tata," yaani baba, "taa nitalipa," na alimaanisha.

Dukani taa iliuzwa shilingi kumi na nane. Aliuza mpunga wa akiba, akazipata. Kumbe Lameck, mnunuzi wa mpunga aliyetangulia kwa tumbo na kwa maneno, alikuwa na hesabu nyingine. Alidai pikapu imelala gereji siku kumi na mbili, na siku zote hizo amekodi gari la mtu wa Tukuyu kwa shilingi ishirini na tano kwa siku. Jumla shilingi mia tatu. Na kama mama hana, basi ng'ombe na ndama wake waje kwake, yaishe.

Sasa, mtu mzima na akili zake anamdai mjane ng'ombe mmoja aliyebaki. Angetile alikuwa analea mjukuu wa miezi minane, Anyisile, aliyeachwa na mama yake akiwa na wiki mbili. Mtoto yule alikuwa hai kwa maziwa ya ng'ombe huyo. Lameck alilijua hilo, kama kila mtu alivyolijua. Wala halikumnyima usingizi.

Siku ya kesi baraza lilijaa hadi nje. Ng'ombe na ndama walifungwa uani kwa amri ya mwamuzi, ili atakayeshinda aondoke nao. Lameck alikuja na karani wake, Ambrose, kijana wa Tabora, fundi wa kalamu, ambaye hakuwa ametimiza mwaka Kyela. Kazi yake nyingine ilikuwa kuandikia barua wanaume waliokwenda kwenye migodi ya kusini, akiwemo mtoto wa Lameck, aliyemwacha mkewe Naomi nyumbani kwa Lameck.

Mwamuzi Eliya alipokea karatasi, akatazama chini kabisa. "Jumla mia tatu. Mama, una la kusema?"

"Nina ombi, tata. Isomwe yote, siku moja moja."

Lameck akaguna. "Ya nini? Jumla si imeandikwa?"

"Ukija kununua mpunga kwangu, debe tunalipima sote tukiliona," Angetile akamjibu. "Leo unaniuzia siku kumi na mbili. Nipimie."

Watu wakacheka, na Eliya akaamuru isomwe. Ambrose akasimama, akajikohoza, akaanza kusoma kwa madaha. Siku ya kwanza, mpunga kutoka Njisi. Siku ya pili, mpunga tena. Siku ya tatu, magunia matupu. Angetile alisikiliza. Nisikudanganye, hakuwa na ujanja wowote aliouficha. Alikuwa anachelewesha tu, na kila siku iliyosomwa ilimsogeza karibu na kumpoteza ng'ombe.

"Siku ya nane," Ambrose akasoma. "Kumpeleka Naomi, mke wa mtoto wa Bwana Lameck, hospitali ya Tukuyu na kumrudisha. Bwana Lameck akiendesha, mgonjwa kakaa mbele kando yake."

Baraza zima likamgeukia Lameck.

Ambrose hakuelewa kwa nini. Angeelewaje? Kwa Wanyakyusa mke wa mwanao hakuoni wewe, wala wewe humwoni yeye. Akisikia unakuja njiani, anaingia majanini na kujifunika mpaka upite. Jina lako halitamki, hata akibanwa. Ndivyo anavyokuheshimu, nawe ndivyo unavyomheshimu. Kumpakia pembeni yako, goti kwa goti, kupanda milima yote hadi Tukuyu na kurudi, ni aibu ya ukoo mzima.

Angetile alisimama taratibu. "Bwana Lameck, siku hiyo ya nane ulikaa na mkweo gari moja?"

Lameck akaikodolea macho karatasi mkononi mwa karani. Ambrose, akidhani bwana wake amesahau, akamsaidia. "Alikaa naye. Lile gari lina viti viwili tu."

Nyuma mtu akapaliwa na kicheko.

"Karani, kaa chini," Eliya akasema. "Lameck, jibu mwenyewe. Ukisema ndiyo, wazee wa ukoo wako wako hapa na wamesikia. Ukisema hapana, karatasi hii ni ya uongo, na nitataka kujua uongo umeanzia siku ya ngapi."

Lameck aliwatazama wazee wa ukoo wake, mmoja baada ya mwingine. Hakuna aliyemtazama. Jasho lilimtiririka mpaka kwenye kola.

"Hapana," akasema kwa sauti ndogo. "Sijawahi kupanda naye gari. Nilimwambia karani ajaze safari mwenyewe."

"Na gari la kukodi lilikuwa la siku ngapi?"

Lameck akainamisha kichwa. "Halikuwapo. Pikapu yangu ilikuwa inatembea na taa moja."

Hapo hata askari wa mlangoni alicheka. Eliya hakucheka. Aliamua Angetile alipe taa, shilingi kumi na nane na si zaidi, na Lameck alipe faini ya shilingi hamsini kwa kulidanganya baraza. Ng'ombe abaki kwa mwenyewe. Ambrose alikuwa bado anamuuliza jirani yake kosa lake ni lipi. Jirani akamnong'oneza, na kijana wa watu akaifunika karatasi kwa viganja vyote viwili, kana kwamba kuna mtu ambaye hajaisikia.

"Ndaga fijo, tata," Angetile akamshukuru mwamuzi, akatoka kwenda uani kumfungua ng'ombe. Wanawake wakampokea kwa vigelegele, wengine wasiomjua hata jina, wakamsindikiza hadi ng'ambo ya soko. Yeye alitembea mbele na ng'ombe wake, ndama akimfuata, kichwa kakiinua kama bibi harusi, na hakuona sababu ya kuificha furaha yake. Alifika nyumbani jua likiwa bado liko juu. Hakusubiri jioni. Akachuchumaa pale pale mlangoni, akakamua, akachemsha, akapooza, akampa Anyisile. Mtoto akanywa yote, akalilia mengine, na yalikuwapo.