Ushuhuda wa Kifundo cha Mguu

Jumapili, tarehe 9 Machi 2025. Asubuhi hiyo mawingu yalilala juu ya kilima cha Nzaui bila kudondosha hata tone, na joto la Matiliku lilichoma kabla ibada haijaanza.

Nje ya mlango wa kanisa, Kasyoka, kapteni wa timu ya voliboli, alimzuia Kanyiva, mshambuliaji wake hodari.

"Haya, dada wa ushuhuda. Simama kwa huo mguu uliopona, nione."

"Kasyoka, hapa ni kanisani."

"Kwani ni dhambi? Hata kuku husimama kwa mguu mmoja. Simama!"

Kanyiva aliinua mguu wa kulia. Kifundo cha kushoto kikatetemeka kama meza mbovu ya hoteli, naye akashika ukuta asianguke.

"Uwanjani hakuna ukuta," Kasyoka alisema, na mara hii hakucheka.

Kifundo hicho kiliteguka mazoezini, Kanyiva aliporuka wavuni akatua juu ya mguu wa mwenzake. Mtaalamu wa viungo hospitalini alimfundisha kusimama kwa mguu mmoja, kuinuka kwa vidole na kuvuta utepe wa mpira kwa unyayo. Alimwonya pia: kikiteguka tena kabla mishipa haijapata nguvu, huenda kikalegea maisha yake yote.

Lakini uvimbe ulipoisha, Kanyiva alisimama kanisani akatangaza kwamba Bwana amemponya. Watu waliimba mpaka vumbi likapanda. Tangu siku hiyo akaacha mazoezi. Angesimamaje kwa mguu mmoja uani, majirani wakichungulia, naye alishasema amepona? Aliona ingekuwa kama kumfanya Mungu mwongo. Na fainali mjini Wote ilikuwa ichezwe Jumamosi.

Ibada ilipofika katikati, Pasta Mutie alimwita mbele aombewe ushindi. Mikono ikainuliwa. Kanyiva akaomba moyoni: Bwana, nipe mdomo tu, mguu nitaufundisha mwenyewe.

"Wapendwa," alisema, "sijapona vizuri. Maumivu yalipungua, nikaharakisha kusema yameisha. Mazoezi ya hospitali niliyaacha kwa kuogopa macho yenu."

Pasta akashusha mkono polepole. Ndipo Susu Syokau, nyanya ambaye ulimi wake haukuwahi kuwa na kufuli, akapaza sauti kutoka benchi la akina mama.

"Aiya! Kwa hivyo mvua ikinyesha leo, kesho unabeba gunia kwenda kuvuna ndengu? Si Mungu analeta mvua, na wewe unapalilia?"

Kicheko kilipasuka kutoka benchi hadi benchi. Pasta alicheka mpaka akavua miwani.

"Amina, Susu! Mvua imenyesha, palizi bado. Sasa, Kanyiva, sema mwenyewe, utafanya nini?"

Kanyiva alimtazama Kasyoka, ambaye angeenda Wote bila yeye. Kasyoka akaitikia kwa kichwa.

"Naahidi mbele za Mungu, na nyinyi nyote mkiwa mashahidi," alisema kwa sauti. "Jumamosi nitawashangilia wenzangu nikiwa benchi. Na kila asubuhi nitafanya mazoezi yangu pale uani, anayetaka kuchungulia achungulie, mpaka mtaalamu mwenyewe aseme: sasa ruka."