Mwanasesere wa Kabatini

Mimi ni mkali, sikatai. Miaka kumi na minne nimefundisha wauguzi hapa Kitale, na wanafunzi wakisikia viatu vyangu kwenye baraza wananyamaza wenyewe. Kwa hivyo msinionee huruma kwa haya nitakayosema.

Mwaka wa 2005 chuo chetu kilipewa mwanasesere wa plastiki, ukubwa wa mtoto mchanga, wa kufundishia namna ya kumpulizia hewa mtoto aliyezaliwa bila kulia. Unabana maski usoni, unaminya mpira wa hewa, kifua chake kinapanda. Kitu kizuri kweli. Nikamwacha ndani ya nailoni yake, nikamfungia kabatini. Wafadhili walisema watarudi kututembelea, na sikutaka wamkute amechakaa. Hata nyumbani kwangu makochi hayakaliwi bila vitambaa.

Basi darasa likajifunza kwa mdomo. Siku ya mtihani unasimama mbele ya meza tupu, unanitajia hatua: namkausha mtoto, nanyoosha shingo, nabana maski, naminya. Hakuna aliyezitaja kama Chelimo, msichana wa Cheptais. Siku moja akaniuliza, "Madam, si tumtoe tu, tujaribu kidogo?"

"Ati mjaribu? Akipasuka utawaambia wageni nini?"

Akakaa. Nilimpa tisini na mbili kwa mia, nikatia sahihi kwamba mikono yake inaiweza kazi.

Mwaka uliofuata alikuwa ameajiriwa kwenye zahanati moja upande wa Kabuchai, nami nikaenda Bungoma kuwakagua wanafunzi wangu waliohitimu. Nilifika kwake saa tano asubuhi pamoja na ofisa wa afya wa wilaya. Mlango wa chumba cha kuzalia ulikuwa wazi kidogo, nikasikia sauti ya Chelimo, ile ile ya darasani. "Namkausha mtoto. Nanyoosha shingo. Nabana maski. Naminya."

Nikafurahi, Mungu anisamehe. Niliingia nikitabasamu.

Mtoto alikuwa mezani, rangi ya majivu, hatikisiki. Chelimo alisimama karibu naye, mpira mkononi, maski ikining'inia hewani. Kilichokuwa kinafanya kazi ni mdomo peke yake. Alifika mwisho wa hatua akaanza tena mwanzo, jasho likimtiririka hadi kidevuni.

Nikamnyang'anya ule mpira. Na hapa ndipo aibu yangu ilipo zaidi, kwa sababu mimi pia hewa ilinitoroka pembeni mwa maski. Nilikuwa na miaka mingi sijaushika mpira huo, kazi yangu ilikuwa kusikiliza na kutoa alama. Nikarekebisha vidole, nikarudia, nikarudia tena. Kifua kilipopanda mara ya kwanza tulikuwa tumeshachelewa sana. Tuliendelea dakika ishirini. Hakulia.

Mama yake, Emmy, alijifunika uso kwa leso kitandani. Nyanya wa mtoto alikuwa akingoja nje kwenye benchi. Tulipotoka tukamwambia, akauliza polepole, "Ni nani alikuwa na mtoto wetu?"

Jibu nilikuwa nalo. Nilitaka kumwambia kwamba huyu msichana alifanya vile vile nilivyomfunza, kwamba mwenye makosa ni mimi. Lakini ofisa wa wilaya alikuwa amesimama pale na kalamu yake, anaandika. Nikafikiria jina langu, nikafikiria chuo, nikaogopa. Mimi, ambaye wanafunzi huniogopa, nikaitazama ile kalamu.

"Ni mimi, kukhu," Chelimo akasema, akimwita nyanya kwa lugha ya kwao. "Mwalimu wangu ndiye alikuja kunisaidia."

Yule mama mzee akasimama, akanishika mikono yote miwili, akanishukuru kwa kujaribu. Nikamwambia asante.