Sare Isiyokwisha

Kitu cha kwanza alichokiona binti alipoingia ni ile sare ya shule aliyoiacha chini ya sindano asubuhi. Ilikuwa kitini, mkono mmoja haujashonwa, uzi umekatwa kwa meno. Cherehani haikuwepo.

“Nimeiuza,” mama alisema bila kumtazama. “Kaka yako wangemfukuza chuo.”

“Na sare za watu, mama? Tutazishona kwa kucha?”

Mama alicheka kidogo, kicheko kikamfia mdomoni. “Nimemzaa mwenyewe. Nisipomsomesha mimi, atasomeshwa na nani? Ni wajibu wangu.”

Binti aliichukua ile sare, akaipakata. Alitolewa shule darasa la tano aje kushona, kaka yake asonge mbele. Aliambiwa zamu yake itafika. Miaka yote alikanyaga pedeli akiisubiri, akiwashonea wenzake sare, wala hakuuliza, maana mama alikuwa hoi kila jioni. Sasa hata pa kusubiria hapakuwepo.

“Mama,” alisema, “hata mimi ulinizaa. Na mimi nilitaka kusoma.”