Simu ya Mlango wa Nyuma

Mezani waliiweka simu yenyewe, ile ya mlango wa nyuma wa ndege, imeng'olewa ukutani pamoja na waya wake uliojikunja na kutiwa ndani ya mfuko wa plastiki. Mwenyekiti wa kamati ya uchunguzi aliisogeza kidogo apate pa kuweka kikombe chake cha chai. Nilichukia alivyoisogeza. Simu za wahudumu wa ndege ile hazirekodiwi, kwa hiyo yaliyosemwa humo tuliyajua watu wawili tu: mimi na binti wa marehemu dada yangu.

Binti huyo nimemlea tangu akiwa na miaka sita. Nyumbani huniita mama mdogo, kazini nilimkataza. "Ukishavaa sare, mimi ni mhudumu mkuu, basi," nilimwambia siku yake ya kwanza. Nikamfundisha na desturi yetu. Kitabu cha kazi kinasema yeyote aonaye moto ampigie rubani moja kwa moja. Lakini kitabu hakijawahi kuruka na rubani wetu, mtu ambaye akisumbuliwa kwa jambo dogo hununa mpaka safari iishe. Kwa hiyo mlango wa nyuma ulinipigia mimi, nami nilipima kama jambo lenyewe linastahili kufikishwa kwa mzee. Miaka kumi na tisa nilijivunia ujinga huo, nikauita uzoefu.

Siku ile tulikuwa tumeshatua salama, tunajikokota kuelekea jengo la abiria, ndege ikasimama ghafla. Simu ikalia.

"Kuna moto, injini ya kushoto," binti alisema kutoka mlango wa nyuma. Sauti yake haikutetemeka hata kidogo. "Mwambie rubani azime injini zote, tuwatoe watu kwa upande wa kulia."

"Subiri. Rubani hajasema kitu."

"Nauona kwa macho yangu!"

"Nimesema subiri."

Nikabaki nimeikumbatia simu kifuani, macho nimeyakodoa kwenye mlango wa rubani. Naye huko ndani, kama alivyoeleza baadaye, alisikia mshindo akasimamisha ndege, lakini taa ya onyo haikuwaka, akawa anangoja taarifa kutoka kwetu. Yeye ananingoja mimi, mimi namngoja yeye, kila mtu na heshima zake. Moshi ulipoanza kuingia nyuma, binti hakungoja tena. Aliufungua mlango wa kulia na kuanza kuwateremsha abiria. Injini ya kulia ilikuwa bado inazunguka. Upepo wake ulimpeperusha mwalimu mmoja mstaafu kutoka kwenye mtelezo wa dharura, ukambwaga kwenye lami. Wengine wote walitoka wazima. Mwalimu hatatembea tena.

Sasa binti anashtakiwa kwa kufungua mlango bila amri na bila kumpa yeyote taarifa. Katika maelezo yangu niliandika: "Sikumbuki kupokea simu." Nilibakiza miaka miwili nistaafu, na mkono wangu haukusita nilipotia sahihi.

"Binti," mwenyekiti aliuliza, "kabla ya kufungua mlango, ulimwarifu nani?"

Alinitazama. Nilikuwa nimejiandaa kwa uso mkavu, tayari kumkana mbele ya watu. Nilikuwa hata nimechagua maneno.

"Hakuna," alisema. "Sikupiga simu."

Rubani, aliyeketi kando yangu, akashusha pumzi. Mimi nikaona aibu ambayo sijawahi kuionja maishani. Mtoto alikuwa ananilipa ulezi: ada za shule, usiku wa homa, kitanda tulicholala wawili baada ya mazishi ya mama yake. Ananilipa kwa kazi yake na kwa jina lake, nami nimekaa pale nayapokea malipo.

Nikamgeukia rubani, nikingoja aseme kitu. Hapo ndipo nilipojishtukia. Nilikuwa nimekaa vilevile kama siku ile, shingo imegeukia upande uleule.

Mwenyekiti akaanza kufunga jalada.

"Simu ilipigwa," nilisema. Hakunisikia, viti vilikuwa vimeanza kuburutwa. Nikasimama, nikaitoa ile sauti tunayofundishwa kuwapigia abiria kelele watoke. "Simu ilipigwa! Niliipokea mimi!"

Mwenyekiti akavua miwani.

"Ulimjibu nini?"

"Mama mdogo, basi," binti alisema kwa sauti ya chini. Alikuwa amevaa sare yake, amefunga vifungo vyote mpaka shingoni.

"Nimeuliza, ulimjibu nini?"

Karani alikuwa ameshika kalamu, ananitazama mdomo.

"Nilimwambia asubiri."