Kitako cha Murray

Glenys Pascoe alikuwa na miaka sitini na mitatu, kichwa kigumu, na bunduki ya marisau ya marehemu mumewe ambayo hakuruhusu mtu aibadilishe hata skrubu. Kila Jumamosi mchana aliitoa kwenye kabati la chuma, akaifunga kwenye sanduku lake, akaendesha kilomita kumi na nane katikati ya mashamba ya shayiri mpaka klabu ya Pinkerra. Huko hukutana watu wenye mvi kama zake kuvunja visahani vya udongo vinavyorushwa angani na mtambo uliofichwa shimoni. Kila mtu hurushiwa visahani ishirini na tano. Ukivivunja vyote unapigiwa makofi. Ukivunja kumi na vinne unapewa chai, na kimya.

Siku hizi Glenys alikuwa akipewa kimya kingi.

Zamani hakuwa hivyo. Zamani ilikuwa ishirini na mbili, ishirini na tatu, na jina lake juu kabisa ya ubao. Lakini tangu Murray afariki, na huu ulikuwa mwaka wa sita, alama zake zilikuwa zikiteremka ngazi moja baada ya nyingine. Mwaka huu hakuwa amevuka kumi na tano hata mara moja. Bega lilimuuma mpaka Jumatano. Shavu lilivimba, na Jumapili moja mchungaji mgeni alimvuta pembeni akamuuliza, kwa upole wote wa kazi yake, kama kuna mtu nyumbani anayempiga. Nyumbani alikuwa yeye na paka.

"Mama, acha basi," binti yake alimwambia kwa simu kutoka Adelaide. "Wenzako wanaviringisha mipira kwenye nyasi. Mchezo mzuri, wala haukuumizi."

"Nikitaka kutazama mpira ukiviringika nitaangusha kabichi jikoni."

Alijibu kwa mzaha, lakini aliogopa. Jumamosi ndiyo ilikuwa siku pekee katika wiki ambayo mtu aliita jina lake kwa sauti. Zile nyingine sita alizungumza na paka na redio, na paka hakuwa msikilizaji mzuri. Kwa hiyo akakata kauli. Angeuza trekta dogo lililokuwa likila kutu bandani, anunue bunduki mpya ya kupimiwa mwili wake mwenyewe. Hiyo nayo ikimshinda, angerudisha leseni polisi na asikanyage tena Pinkerra.

Clem Kleinig, nahodha wa klabu na jirani yake wa miaka arobaini, alikuwa na dawa ya bei nafuu zaidi.

"Bandika kipande cha ngozi hapo juu ya kitako, Glenys, pale unapolaza shavu. Unapiga chini ya kisahani. Hata mimi na macho yangu haya ninaona."

"Bunduki ya Murray haibandikwi kitu."

"Murray hayupo."

"Ndiyo maana haibandikwi."

Clem akaenda kuongeza maji kwenye birika ambalo lilikuwa limejaa.

Karakana ya Renata Furlan ilikuwa pembezoni mwa Adelaide, nyuma ya duka la vigae. Ilinuka mafuta ya kitani, na maranda ya mbao yalifika kwenye vifundo vya miguu. Renata alikuwa mwanamke wa miaka arobaini na kitu, mwenye mikono ya seremala na ulimi usiopakwa asali. Kazi ya kuchonga vitako vya bunduki alirithi kwa baba yake, na kwa mujibu wa Clem alikuwa amempita. Alimtazama Glenys kuanzia viatu hadi nywele.

"Hilo sweta ndilo unalopigia?"

"Hapana. Hili la kutokea."

"Livue basi. Nikikupima na nguo ya kanisani nitakutengenezea bunduki ya kanisani. Kizibao chako cha kazi kiko wapi?"

Kilikuwa garini, kikuukuu na kichafu, mifuko yake ikiwa bado na maganda ya risasi. Glenys alikwenda kukichukua huku uso umemwiva. Aliporudi aliweka sanduku la Murray mezani.

"Sitaki mambo mengi," alisema. "Nataka kama hii hii. Vipimo vile vile, ila isiniumize bega. Mume wangu aliinunua mwaka tisini na sita. Ukame ulikuwa umetumaliza, hatukuweza kununua mbili, tukawa tunaitumia kwa zamu. Yeye akimaliza visahani vyake, ananipa mimi. Mwili wangu ndio uliojifunza bunduki yake."

Renata aliifungua bunduki kwenye bawaba, akachungulia mitutu yote miwili kuhakikisha haina kitu, ndipo akaweka rula. Akapima urefu wa kitako. Akapima tena. Akapitisha kidole gumba taratibu juu ya mgongo wa mbao, akarudi, akasimama mahali fulani.

"Mumeo alikuwa na kimo gani?"

"Futi sita na inchi mbili. Mikono kama ngazi."

"Basi hii haikuwa bunduki yake."

"Nimekwambia aliinunua, na mimi nikiwa nimesimama pale pale dukani."

"Kuinunua aliinunua. Lakini mtu mrefu hivyo akifyatua kitako kifupi hivi, kidole gumba chake mwenyewe kinampiga pua. Kila risasi."

Glenys alikuwa akiiona pua ya Murray. Miaka nenda rudi pua hiyo ilikuwa nyekundu kila Jumamosi jioni, na mara mbili ilitoka damu. Ni yeye Glenys aliyempachika jina la Murray Pua, na klabu nzima ikalidaka. Murray, ambaye walipooana alikuwa mpigaji bora kuliko wote wilayani, aliporomoka hadi kumi na sita, kumi na saba, huku mkewe akipanda. Alipoulizwa alikuwa na jibu moja tu: jua lilimwingia machoni. Alilitoa hata siku za mvua. Glenys alikuwa akimwigiza kila Krismasi mbele ya wageni, na watu wakishika mbavu.

Renata alichukua bisibisi, akafungua skrubu mbili, akauondoa mpira wa bluu uliofunika mwisho wa kitako. Kisha akaigeuza bunduki ili Glenys aone. Kwenye mbao tupu, mahali ambapo jicho la mtu halifiki, kulikuwa na maandishi ya penseli, yameinama kama shayiri iliyopigwa na upepo. Glenys aliyafahamu kabla hajayasoma.

*Machi 98. Fupisha 6. Kwa G.*

*Okt 99. Fupisha 5. Mgongo toa 2. G alicheka njia nzima kurudi nyumbani.*

*Mei 2004. Fupisha 4. Pua yangu basi tena.*

*Ago 2011. G kanenepa mashavu. Mgongo toa 3. Asigundue.*

Glenys alisoma mara ya kwanza, akasoma mara ya pili. Kisha akakaa kwenye kiti cha fundi bila kukaribishwa.

"Mnafiki mkubwa," alisema. "Ati kanenepa mashavu."

Akaanza kucheka, na kicheko kikamgeukia njiani kikawa kilio. Alilia kwa aibu ya ile Murray Pua, na kwa hasira ya kufichwa miaka yote hiyo. Chini ya vyote hivyo kulikuwa na furaha, na hiyo ndiyo iliyomuuma zaidi, kwa kuwa hakukuwa na mtu wa kumwambia. Renata alimpa kitambaa. Kilikuwa na mafuta, lakini Glenys alijifutia hicho hicho.

"Uchongaji wake ni wa msumeno na bahati," Renata alisema baadaye, akiwa ameegemea meza. "Lakini jicho lake la kupima, ningemwajiri. Hiki kitako alikikata kwa uso wako, mama. Uso wako wa mwaka 2011. Umepungua kilo ngapi tangu afariki?"

"Kumi na moja. Sipendi kupika kwa ajili ya mtu mmoja."

"Basi ndiyo hivyo. Mashavu yameisha, shavu linazama kwenye mbao, jicho linashuka, marisau yanapita chini. Wewe hujazeeka, na macho yako hayana neno. Angekuwepo, angekuwa ameshaligundua hilo Jumamosi ya pili."

"Mimi nilikataa isiguswe."

"Nimekusikia. Yeye aliigusa miaka kumi na mitatu."

Renata aliitoa bunduki ya kupimia, ya ajabu kuitazama, kitako chake kimejaa bawaba na skrubu za kukirefusha, kukifupisha, kukipandisha na kukiinamisha. Akamwambia Glenys afumbe macho na ainyanyue begani. Glenys alinyoosha mgongo, akainua kidevu, akasimama kama walivyochorwa watu kwenye makaratasi ya mafunzo.

"Huyo nani?" Renata aliuliza.

"Mimi."

"Si wewe. Huyo ni mtu unayetaka nimwone. Kila anayekuja hapa ananidanganya kwa shingo yake. Mficha uchi hazai, mama. Simama unavyosimama ukiwa umechoka, kisahani cha ishirini kimekupita, na Clem anakutazama."

Glenys alishusha pumzi, na mabega yakafuata. Goti la kushoto likalegea, kichwa kikatangulia mbele kidogo kama cha kuku anayesikiliza. Renata akasema hapo hapo, usitikisike, na akaanza kuzungusha skrubu.

Nyuma ya karakana kulikuwa na bamba kubwa la chuma lililopakwa chokaa, na alama nyeusi katikati. Glenys alifyatua risasi, Renata akatazama doa la marisau, akapandisha skrubu, akapaka chokaa upya. Risasi ya kwanza ilikaa chini kabisa ya alama. Ya tatu ilipanda. Ya sita ilitua katikati barabara kama mhuri wa posta. Glenys alishusha bunduki na kushika bega lake. Halikuwa limeuma, wala hakuwa amelikumbuka.

"Milimita saba juu," Renata alisema, akaandika.

Jumamosi iliyofuata Glenys alimkuta Clem akipanga viti.

"Ulijua," alimwambia.

Clem hakuuliza nini. Aliweka kiti chini. "Klabu nzima ilijua. Tupa aliyoitumia ni yangu, mpaka leo hajairudisha."

"Nikamwita Pua mbele yenu, miaka yote hiyo, na hakuna hata mmoja aliyenifunga mdomo."

"Yeye alitukataza. Halafu alilipenda lile jina, Glenys. Wewe ukiwa mstarini alikuwa anasimama hapa karibu yangu, anahesabu visahani vyako kwa vidole. Vyake alikuwa hahesabu. Ilinibidi nimwambie mimi amepata ngapi." Clem alikuna shingo. "Siku ile ya ngozi nilitaka kukwambia. Nikaona si siri yangu."

Mbao ya mjozi ya kitako kipya ilichongwa, ikapakwa mafuta, ikakaushwa, ikapakwa tena. Kibali cha polisi kilichukua muda wake, kama kawaida ya vibali. Ilikuwa Julai, na shayiri ilikuwa imefika gotini, Glenys aliporudi karakana. Bunduki mpya ilikuwa tayari mezani, kitako kina mawimbi ya rangi ya chai, ila ule mpira wa mwisho ulikuwa bado umelala pembeni na skrubu zake mbili.

Renata alimpa penseli. "Nilifikiri huenda ukaitaka," alisema, akaenda kutafuta kitu ambacho hakikuwa kimepotea.

Glenys aliipokea. Kisha akainama, akaandika kwenye mbao mpya, kwa herufi zilizonyooka za mwanamke aliyeweka kumbukumbu za shamba miaka thelathini: *Julai. Mgongo ongeza 7. Murray, nimegundua.*

Renata aliporudi hakusoma. Au alisoma, akajua la kufanya. Aliufunga mpira, akakaza skrubu.

Jumamosi hiyo Pinkerra kulikuwa na baridi ya kukata masikio. Watu kumi na wawili walikuwa wamesimama nyuma ya mstari na vikombe vyao, na kila mmoja alijifanya anatazama kitu kingine. Glenys aliweka risasi, akafunga bunduki. Hakunyoosha mgongo wala kuinua kidevu.

"Vuta," alisema.

Kisahani kiliruka kutoka shimoni, kikaenda zake kulia, kikageuka vumbi jeusi. Cha pili nacho. Cha tano alikikosa, akakosa cha kumi na moja, na katikati ya hivyo na baada yake hakusikia kitu ila pumzi yake mwenyewe na ule mlio wa risasi. Cha ishirini na nne alikifyatulia mapema kwa papara, kikaanguka kizima kwenye majani. Cha mwisho kilipasuka vipande ambavyo havikuhesabika.

Clem aliandika ubaoni. "Ishirini na mbili," alisema. "Umekosa vitatu. Vimekwenda wapi?"

Glenys aliifungua bunduki, akailaza kwenye mkono, akapiga hatua mpaka ubaoni.

"Jua liliniingia machoni."

Clem akatazama juu. Wingu zito lilikuwa limetanda tangu alfajiri kutoka upande mmoja wa mashamba hadi mwingine, na matone ya kwanza yalikuwa yameanza kudondoka kwenye bati la klabu.

"Kweli," alisema, "leo limekuwa kali sana."

Akafungua daftari ukurasa wa Jumamosi ijayo, akamwandika Glenys wa kwanza, bila kumuuliza.